Picha nusu hai na foleni ya Tunduma

FOLENI ya malori yanayosubiri kuvuka Tunduma kwenda Zambia si jambo geni kwa wakazi wa Ruanda, mkoani Songwe. Tuchukulie ipo picha ambayo malori hayo yametulia tuli, lakini moshi wa bomba moja unafuka bila kukoma.

Mtindo huo ulipewa umaarufu mwaka 2011 na Jamie Beck na Kevin Burg wa New York, Marekani. Mpigapicha hurekodi video ya sekunde chache bila kutikisa kamera, huchagua fremu moja na kuigandisha juu ya video, kisha kwa programu kama Photoshop hufuta sehemu ndogo ya fremu hiyo ili mwendo ulio chini uonekane. Sekunde hizo hujirudia daima.

Hapo ndipo penye utata. Malori ambayo pengine yalisogea muda mfupi baadaye hubaki yamekwama, na mtazamaji, kwa kuona moshi, huamini anatazama video halisi. Ikisambazwa bila tarehe, picha hiyo hugeuka shutuma dhidi ya kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, kilichozinduliwa Oktoba 2019 ili kupunguza msongamano.

Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinataja picha bayana, lakini kinamlenga anayejua kuwa taarifa ni ya uongo na kukusudia kupotosha. Anayechezesha mvuke wa kikombe cha kahawa ya Mbozi kutafuta wateja hayumo. Anayegandisha foleni, walau aandike tarehe na kwamba picha imehaririwa.