Mtoto Akipotea, Lisemwalo Halipo

Mtoto akipotea siku hizi, hata jua halijatua watu ambao hawajawahi kukanyaga mtaani kwao wameshaamua nani kamchukua. Klipu ya mama yake akihojiwa inapita kutoka simu hadi simu. Mbona halii? Mbona analia kupita kiasi? Baba kasema "alikuwa mtoto mpole", basi anajua kwamba mtoto hayupo tena. Kuna baba wa kambo nyumbani? Basi ni yeye. Anayeuliza ushahidi uko wapi hujibiwa kwa methali tuliyokua nayo sote: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Imani iliyo nyuma ya jibu hilo ndiyo ninayoipinga hapa, kwamba maneno yakishakuwa mengi lazima ndani yake kuna kiini cha ukweli, na kwamba umati ukiunganisha hisia zake utamfikia mtoto upesi kuliko wapelelezi wachache. Imani hiyo ni ya uongo, na wa kwanza kuumia nayo ni mtoto mwenyewe.

Tuanze na kesi iliyokwisha, maana hapo tunaweza kuyaweka yaliyosemwa kando ya yaliyothibitika. Tarehe 17 Agosti 1980, katika kambi ya watalii karibu na mwamba wa Uluru katikati ya Australia, kichanga wa wiki tisa aliyeitwa Azaria Chamberlain alitoweka ndani ya hema. Mama yake, Lindy, alipiga kelele kwamba dingo, mbwa mwitu wa nchi ile, kamchukua mwanawe. Mahakama ya kwanza iliyochunguza kifo hicho, Februari 1981, ilimwamini. Umma haukumwamini. Lindy alisema na waandishi wa habari kwa utulivu, hakuangua kilio mbele ya kamera, na utulivu ule ukachukuliwa kuwa ungamo. Familia ilikuwa ya Kisabato, baba akiwa mchungaji, na Waaustralia wengi wa wakati ule hawakuwajua Wasabato kama wanavyojulikana Kisii au Upare, ambako ni majirani na jamaa wa kila mtu. Ikavumishwa kwamba dhehebu lile hutoa watoto kafara. Ikavumishwa kwamba jina Azaria lina maana ya sadaka ya jangwani, ilhali aliyesoma kitabu cha Danieli anamkuta humo Azaria, mmoja wa vijana watatu waliotupwa katika tanuru la moto. Hata gauni jeusi ambalo mtoto aliwahi kuvalishwa likafanywa dalili ya ibada ya damu.

Katikati ya makelele hayo uchunguzi ulifunguliwa upya, na Oktoba 1982 Lindy akahukumiwa kifungo cha maisha kwa mauaji, huku akiwa mjamzito. Alijifungua akiwa mfungwa. Wataalamu walikuwa wameiambia mahakama kwamba ndani ya gari la familia kuna damu ya mtoto mchanga. Baadaye ilibainika kwamba sehemu ya kile kilichoitwa damu ilikuwa dawa ya kupunguza kelele iliyopulizwa garini kiwandani. Februari 1986, watu waliokuwa wakitafuta mabaki ya mtalii aliyeanguka kutoka kwenye mwamba walikikuta, kwa bahati tu, kikoti cha Azaria karibu na mapango ya dingo, kikoti ambacho mama alikuwa amekitaja tangu mwanzo na hakusadikiwa. Aliachiliwa mwezi huo huo. Hukumu ilifutwa mwaka 1988, na tarehe 12 Juni 2012, karibu miaka 32 baada ya usiku ule, mchunguzi wa vifo alitamka rasmi kwamba dingo ndiye aliyemchukua Azaria. Katika yote yaliyovuma kuhusu kafara, jina na gauni, hakuna hata moja lililokuwepo, wala lililokuwa njiani.

Nimeianza kesi hii makusudi kwa sababu mwaka 1980 hapakuwa na Facebook wala TikTok. Wako wanaosema tatizo ni simu, kwamba zamani watu walikuwa na subira. Hawakuwa nayo. Simu imeongeza kasi na kufuta mipaka, lakini kosa ni la zamani na linakaa katika jambo moja hasa: tunaamini kwamba uso wa mzazi unasomeka. Tunadhani uchungu una sura moja, kwamba asiyelia hana uchungu na anayelia ni mkweli. Tazama kilichotokea Dewsbury, kaskazini mwa Uingereza, Februari 2008. Msichana wa miaka 9 hakurudi kutoka shuleni. Mama yake alilia mbele ya kamera akimsihi aliyemchukua amrudishe, na majirani, ambao wengi wao hali zao za maisha zilikuwa za chini, walijitolea kwa moyo wote, wakapita nyumba kwa nyumba na kugawa vipeperushi. Baada ya siku 24 polisi walimkuta mtoto akiwa hai, amefichwa ndani ya kitanda katika nyumba ya jamaa wa mwanamume aliyekuwa akiishi na mama huyo. Mama alikuwa ameshiriki njama yenyewe, lengo likiwa fedha za zawadi. Yeye na jamaa huyo aliyemficha mtoto walifungwa miaka 8 kila mmoja. Basi mama wa Uluru ambaye machozi yake hayakuonekana alikuwa hana hatia, na mama wa Dewsbury aliyelia alikuwa nayo. Mwenye kusoma nyuso angekosea mara zote mbili, kwa uhakika ule ule.

Hapo mtetezi wa uvumi huhama kutoka kwenye uso na kukimbilia idadi. Mmoja anaweza kukosea, husema, lakini je, watu laki moja? Laki moja wangekuwa na uzito kama kila mmoja angekuwa ameona kitu chake mwenyewe. Mahakama zetu zina sababu nzuri ya kuutilia shaka ushahidi wa mtu anayesema "niliambiwa", na mafundisho ya dini yanayomtaka shahidi aseme alichokiona kwa macho yake yana sababu hiyo hiyo. Watu laki moja waliotazama klipu moja ya dakika mbili ni shahidi mmoja, na shahidi huyo hakuwepo pale mtoto alipopotea. Alichokiona ni mahojiano. Kila anayeisambaza klipu anaongeza sauti bila kuongeza taarifa, na anayefuata anaihesabu sauti hiyo kama ithibati mpya. Hivyo ndivyo dhana ya mtu mmoja saa nne asubuhi inavyokuwa "kila mtu anajua" ifikapo saa kumi jioni.

Kesi inayolionyesha jambo hili wazi kuliko nyingine zote ni ya Madeleine McCann, msichana wa Kiingereza aliyetoweka usiku wa tarehe 3 Mei 2007 katika mji mdogo wa Praia da Luz, kusini mwa Ureno, siku chache kabla ya kutimiza miaka 4. Wazazi wake, wote madaktari, walikuwa wakila chakula cha jioni na marafiki katika mkahawa ulio karibu na nyumba waliyopanga. Mtu ana haki ya kuulaumu uamuzi ule wa kuwaacha watoto peke yao. Ni lawama juu ya jambo lililofanyika kweli. Lakini lawama ikageuzwa tuhuma, na tuhuma ikageuzwa biashara. Mwingereza mmoja mkazi wa pale, aliyejitolea kuwatafsiria polisi, alitiliwa shaka na mwandishi wa habari kwa jinsi alivyokuwa akijihusisha na kesi. Ndani ya wiki mbili akatangazwa mshukiwa na picha yake ikazunguka dunia. Septemba mwaka huo wazazi nao wakafanywa washukiwa. Julai 2008 mamlaka za Ureno ziliwaondolea wote watatu hadhi hiyo kwa kukosa ushahidi. Kundi moja la magazeti ya Uingereza lilikuwa limeshawalipa wazazi pauni 550,000 na kuomba radhi katika kurasa za mbele, na yule mkalimani wa kujitolea akalipwa pauni 600,000 na vyombo kadhaa vya habari. Gazeti halitoi fedha za namna hiyo kwa ajili ya uvumi lililoweza kuuthibitisha. Mwaka 2020 waendesha mashtaka wa Ujerumani walimtaja mshukiwa mwingine, mtu ambaye hakuwa katika hadithi yoyote iliyotawala magazeti ya 2007. Hajashtakiwa katika kesi hii, nami simhukumu. Ninachosema ni kwamba miezi ile ya kwanza, ambayo katika upelelezi wa mtoto aliyepotea haina mbadala, umma uliitumia kumkodolea macho mama.

Na gharama haikuishia kwa waliotajwa majina. Kila "nimemwona" lazima likaguliwe na mtu mwenye saa chache za kazi. Mwaka 2007 picha iliyopigwa Morocco, ikionyesha msichana mwenye nywele za rangi ya dhahabu akiwa mgongoni mwa mwanamke, ilitia watu matumaini makubwa. Ikaonekana kuwa ni mtoto wa hapo hapo, mgongoni mwa mama yake. Aliyeituma hakukosa kitu, alituma alichokiona. Lakini simu ya mtu kama huyo inasubiri kwenye foleni moja na za wanaotuma ndoto na chuki kwa ukoo mzima. Halafu yupo jirani aliyeona jambo dogo la kweli, pikipiki isiyo ya mtaani au mlango uliofunguliwa saa isiyo yake. Jirani huyo ameona yaliyompata mkalimani wa Praia da Luz. Atasema? Mwenye familia atanyamaza kwa kuogopa kuchanwachanwa, na mwenye fununu ya kweli atanyamaza kwa kuogopa kufanywa mtuhumiwa. Kule Acatlán, katika jimbo la Puebla nchini Mexico, Agosti 2018, uvumi wa WhatsApp kuhusu wezi wa watoto uliukusanya umati mbele ya kituo cha polisi. Wanaume wawili wakatolewa nje na kuchomwa moto. Hawakuwa wameiba mtoto yeyote. India ilishuhudia mauaji ya aina hiyo mwaka huo huo, hata kampuni ya WhatsApp ikapunguza idadi ya watu au makundi ambayo mtu anaweza kuyasambazia ujumbe kwa mkupuo mmoja. Sisi tunaoishi katika miji ambako neno "mwizi!" limeshaua watu mchana kweupe hatuhitaji kuelezwa umbali uliopo kati ya komenti na kiberiti.

Najua jibu linalokuja: bila watu, watoto wengi wasingepatikana. Ni kweli, na nalikubali bila kusita. Amber Hagerman, msichana wa miaka 9, alipotekwa na kuuawa huko Arlington, Texas, Januari 1996, wakazi waliuliza kwa nini redio zisitangaze papo hapo mtoto anapotekwa, na kutokana na swali hilo ukazaliwa mfumo wa tahadhari uliobeba jina lake na kuenea nchi nyingi. Lakini angalia kilichomo katika tangazo la namna hiyo: sura ya mtoto, nguo alizovaa, mahali alipoonekana mara ya mwisho, gari na namba yake zikijulikana. Umma unaombwa macho. Hauombwi maoni juu ya ndoa ya wazazi. Oktoba 2021, katika pwani ya magharibi ya Australia, binti wa miaka 4 alitoweka usiku ndani ya hema la familia. Mtandaoni baba yake wa kambo alishambuliwa kwa siku nyingi. Wakati huo polisi walikuwa wakichambua rekodi za simu na kulifuatilia gari ambalo wapita njia walikuwa wameliona likitoka upande wa kambi yapata saa tisa usiku. Baada ya siku 18 walivunja mlango wa nyumba katika mji wa kwao na kumkuta yu hai, peke yake. Aliyemteka hakuwa na uhusiano wowote na familia. Wapita njia wale walisema walichokiona na wakaishia hapo, na msaada wao ulikuwa wa kweli. Hata baada ya mtekaji kukamatwa bado kituo kimoja cha televisheni kilichukua mtandaoni picha za mwanamume mwingine kabisa na kumtangaza kuwa ndiye. Kikashtakiwa, kikaomba radhi.

Wengine husema mzazi au ndugu mara nyingi ndiye mhalifu, kwa hiyo kumshuku ni busara. Wapelelezi nao hulijua hilo, na ndiyo maana huanza na nyumbani. Tofauti ni kwamba wao hushika simu, saa, risiti na kauli za watu waliokuwepo, na wakimaliza humtoa mtu katika orodha. Tuhuma ya mtandaoni haina siku ya kumtoa mtu. Na kwa wanaodai kwamba polisi wetu bila kelele hawafanyi kazi, nakubali kwamba kelele zinahitajika, ila zielekezwe kwa mwenye wajibu. Kuuliza jalada limefunguliwa lini, kamera za ulinzi za duka la jirani zimeangaliwa au la, na kwa nini stendi ya mabasi haikupewa picha, hayo ni maswali ya raia. Kuuliza kwa nini mama kavaa vizuri hakumsogezi askari hata hatua moja.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, tangazo la mtoto aliyepotea likikufikia, tafuta kwanza tarehe na kituo cha polisi kilichotajwa. Lisilo na hivyo viwili usilisambaze kabla ya kuuliza, maana mengine ni ya miaka iliyopita. Likiwa halali, lipeleke kama lilivyo, bila neno lako. Ukiwa umeona kitu, kiseme polisi, au piga 116, namba ya bure ya msaada kwa mtoto inayotumika Tanzania na Kenya pia. Na mtoto akipatikana, ifute picha yake na uwaombe uliowatumia waifute, kwa sababu atakua, na hatataka kukutana na siku ile mbaya kila anapolitafuta jina lake.