Dhima ya Mchaguzi wa Picha
Wako wanenao kuwa kutoa picha ya mnato katika video ni kazi ya mashine, na msanii hana dhima. Neno hilo nalikana. Sekunde moja ya video huweza kuwa na picha 25. Achaguaye moja huzinyamazisha 24. Katika bahari ya Kilindoni, Mafia, papa potwe hupanua kinywa ili achuje uduvi. Itoe picha hiyo peke yake, mtumbwi wa mvuvi ukiwa kando, na mnyama mpole atageuka mla watu. Kila sehemu ya picha ni kweli, na jumla yake ni uongo. Msanii asijifiche nyuma ya mashine: aliyechagua ndiye aliyesema, naye ndiye wa kujibu.