TWACHANGIA JENEZA, HATUCHANGII UNGA



Juzi tulikuwa matangani kwa mwenzetu mmoja wa genge la reli, upande wa Homa Bay. Hema zilikuwapo, viti vilikuwapo, jeneza lilikuwa zuri, na ng'ombe alichinjwa. Mchango wote ulitimia kabla wiki mbili hazijaisha. Hakuna mtu aliyeuliza, "Kwa nini nitoe?" Kila mmoja alitoa, na jina lake likasomwa mbele ya watu.

Hatusemi kwamba ni vibaya kumzika mtu kwa heshima. Lakini marehemu alikaa zaidi ya mwaka bila kazi kabla ya kufa. Alipokuwa hai alitupitia, akiomba nauli ya kwenda Kisumu kutafuta kibarua, akiomba kilo mbili za unga. Tulimwambia nini? Tulimwambia, "Ndugu yetu, mwezi ni mbaya." Siku ya kufa mwezi ukawa mzuri ghafula.

Hii ndiyo habari tunayotaka kuisema, na mwenye kukasirika akasirike.

MFUKO WA SERIKALI HAUPO

Wako wanachama wanaodhani kwamba mtu akiachishwa kazi iko ofisi fulani ya Serikali itakayomshika mkono. Ndugu, ofisi hiyo haipo. Kenya haina malipo ya Serikali kwa mtu mzima mwenye nguvu aliyepoteza kazi. Fedha za Inua Jamii, Sh. 2,000 kwa mwezi, ni za wazee wa miaka 70 na zaidi, na mayatima, na wenye ulemavu mkubwa. Wewe mwenye miaka 35, mwenye watoto wanne na mikono miwili mizima, humo humo.

Na NSSF je? Shirika hilo lipo tangu 1965, nasi twalichangia kila mwezi. Lakini akiba yako hungoja mpaka ufike miaka 60, au 50 ukiwa umeacha kazi. Kama umeachishwa na miaka 35, basi vumilia njaa miaka 15, halafu uende na kitambulisho.

Tupige hesabu. Mtu wa mshahara wa Sh. 30,000 hukatwa NSSF asilimia 6, yaani Sh. 1,800. Hukatwa ya afya asilimia 2.75, yaani Sh. 825. Hukatwa ya nyumba asilimia 1.5, yaani Sh. 450. Jumla ni Sh. 3,075 kila mwezi, mbali na kodi ya mapato. Siku ya kuachishwa, katika hizo zote, haitoki hata senti moja ya kununua unga wa jioni ile.

Na Katiba ya 2010 yasemaje? Kifungu cha 43 kinasema kila mtu ana haki ya hifadhi ya jamii, na Serikali itawasaidia wale wasioweza kujitunza wao na wanaowategemea. Maneno hayo ni mazuri, lakini maneno hayaivi sufuriani.

WASEMAO "RUDI SHAMBANI"

Wako mabwana wasemao, "Mtu wa Migori ana shamba, mtu wa Homa Bay ana ziwa, atakufaje njaa?" Mabwana hao hawajalima. Shamba la baba limegawanywa kwa ndugu watano. Mahindi hayaoti kwa sababu umepewa barua ya kuachishwa mwezi wa Septemba. Na ziwa linataka mtumbwi, nyavu na taa, vitu vya fedha. Wengine wameingia katika mashimo ya dhahabu kule Macalder, na twajua mashimo hayo huwarudisha watu namna gani wakati wa mvua.

Jambo hili si geni kwetu. Reli yenyewe haikufika Migori wala Homa Bay. Wazee wetu wa South Nyanza walipanda meli gatini Homa Bay mpaka Kisumu, ndipo wakaipata reli na mshahara. Mwaka 2006 reli ilipokodishwa kwa kampuni, maelfu walipunguzwa, wakarudi nyumbani na sanduku la bati. Mkataba ule ulivunjwa 2017, lakini waliopunguzwa hawakurudishiwa miaka yao. Mei 2025 Serikali ilikodisha viwanda vinne vya sukari kwa miaka 30, na Sony ya Awendo ni kimoja. Mfanyakazi wa Awendo naye ameuliza swali lile lile walilouliza baba zetu: nani atabaki, na anayeondoka ataondoka na nini?

Na sisi wenyewe twaijua njia hiyo. Wengine kati yetu tulikuwa tukibadilisha mataruma kwa mkandarasi mmoja. Jioni moja nyapara akatutumia ujumbe wa simu: "Kesho msije." Maneno mawili kwa kazi ya miaka mitatu.

USITIE SAHIHI KWA HARAKA

Basi tusianze kwa kulia. Tuanze na haki iliyo katika Sheria ya Kazi ya 2007, kwa maana wengi huiacha mezani.

1. Tajiri akitaka kupunguza watu kwa sababu kazi imepungua, lazima akiarifu chama na ofisa wa kazi mwezi mmoja kabla, na aeleze sababu.

2. Lazima akupe notisi ya mwezi mmoja au mshahara wa mwezi huo, akulipe likizo ambayo hukuichukua, na akulipe si chini ya siku 15 kwa kila mwaka uliotimiza kazini. Mtu wa Sh. 30,000 aliyefanya miaka 8 ana siku 120. Ukigawa mshahara kwa siku 30, hiyo ni Sh. 120,000, mbali na notisi na likizo. Wangapi wamepokea Sh. 20,000 ndani ya bahasha wakasema asante?

3. Neno "kibarua" lisikutishe. Aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mzima, sheria haimhesabu tena kama mtu wa kutwa. Haki ya notisi anayo.

4. Ukifukuzwa bila haki, mpelekee ofisa wa kazi malalamiko yako kabla miezi mitatu haijapita. Anayengoja hasira ipoe hukuta mlango umefungwa.

5. Dai cheti chako cha kazi. Tajiri hana ruhusa ya kukuficha.

Na karatasi isemayo "nimelipwa yote, sina dai" usiitie sahihi mpaka katibu wa tawi ameisoma.

NYUMBANI

Sasa twasema na wanaume wenzetu. Wako wanaoamka alfajiri, wakavaa nguo za kazi, wakashinda chini ya mti sokoni Rongo, ili mama watoto asijue. Huo ni ujinga, wala si uanaume. Mwambie siku ile ile. Yeye ndiye mwenye hesabu ya unga, na mara nyingi chama chake cha akina mama ndicho kitakachowalisha mwezi wa kwanza. Mwone mwalimu mkuu kabla karo haijachelewa, na mwenye nyumba kabla hajaja kukugongea. Usikope kwa simu ili kulipa mkopo wa simu. Na fedha ya kuondoka usiitie yote katika pikipiki wiki ya kwanza kwa sababu jirani anayo. Weka kwanza unga wa miezi mitatu. Tulifundishwa na mapadre habari za Yusufu kule Misri. Yusufu alijenga ghala kwanza.

NG'AMBO YA SIRARI

Wengine watasema mambo haya ya malipo ya wasio na kazi ni ya Ulaya. Hapana. Nenda Isebania, uvuke mpaka hatua chache mpaka Sirari. Kule Tanzania, tangu mabadiliko ya sheria ya 2018, mwanachama wa mfuko wa hifadhi aliyeachishwa bila kutaka kwake aweza kupata theluthi ya mshahara kwa miezi 6, kwa masharti yao. Afrika Kusini mfanyakazi hutoa asilimia 1 na tajiri asilimia 1, na aliyepoteza kazi hupata kitu. Je, sisi wa upande huu wa boma tuna matumbo ya namna nyingine?

Kwa hiyo twataka viongozi wetu wa juu walipeleke jambo hili kwa Serikali na kwa matajiri, na wasirudi na picha tu. Tom Mboya alitoka Rusinga, hapa hapa kwetu. Mwaka 1962, akiwa Waziri wa Kazi, aliwaketisha matajiri na vyama meza moja mpaka Mapatano ya Uhusiano Kazini yakatiwa sahihi. Meza hiyo haijavunjika. Waliokosekana ni wa kuipiga ngumi.

LAKINI TUSINGOJE

Serikali yaweza kukawia miaka kumi. Tumbo halikawii. Twaleta shauri hili katika mkutano wa tawi ujao: kila mwanachama atoe Sh. 100 kwa mwezi, mbali na ada. Wanachama 200 ni Sh. 20,000. Hizo zatosha wenzetu wanne, Sh. 5,000 kila mmoja, kwa miezi mitatu, halafu zamu ya wengine.

Tumesikia maneno ya wapingaji. Wa kwanza asema, "Watu watadanganya." Basi mtu alete barua yake ya kuachishwa, na jina lake lisomwe mkutanoni, na hesabu ibandikwe ukutani. Wa pili asema, "Na mwizi aliyefukuzwa je?" Mwizi aliyethibitika asipewe. Wa tatu asema, "Mimi kazi yangu ni ya kudumu." Huyo twamkumbusha kwamba wazee wa 2006 nao walikuwa na kazi ya kudumu, na sare, na namba.

Wa nne asema fedha hizi zitapunguza mchango wa mazishi. Huyo twamjibu waziwazi: na zipunguze! Jeneza la mbao za kawaida hufika kaburini sawasawa na jeneza la vioo. Aliyelishwa akiwa hai hatalilia vioo.

Njoni mkutanoni. Asiyekuja asituletee kadi ya matanga.

UMOJA NI NGUVU.

Sisi wafanyakazi wa reli,
wenyeji wa Migori na Homa Bay.