Picha ya ziwa Ulaya na mabati yangu yaliyoyeyuka

Mwezi wa sita ukiingia hapa Doha, sisi wa kazi za ndani tunajua hata kabla ya kuambiwa. Masanduku yanashushwa kutoka juu ya kabati. Watoto wanajaribishwa majaketi na nje jua linachoma nyuzi 45. Madam anaanza kupima mchele, bezari na ndimu kavu za kubeba, maana baba wa nyumba hali chakula cha hoteli zaidi ya siku mbili. Familia inakwenda kwenye maziwa ya Ulaya, na wewe unakwenda nayo.

Nimeenda mara mbili. Nataka kusema ukweli kuhusu safari hizo, kwa sababu kila mwaka naona wenzetu wanarudi na picha nzuri na akaunti tupu. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Safari ya kwanza tulishuka Munich, baba akakodi gari kubwa la viti saba na kuendesha mwenyewe. Dereva wa nyumba alibaki Doha. Tukaenda Zell am See, Austria, mji mdogo wenye ziwa ambako kiangazi unasikia Kiarabu kila duka unaloingia. Baadaye Como, Italia. Halafu Uswisi, Interlaken, mji ulio katikati ya maziwa mawili, tukamalizia Geneva. Wiki nne. Kwenye gari mimi nilikuwa kiti cha nyuma kabisa, mtoto mmoja huku, mwingine kule, na mfuko wa kutapikia mapajani kwa sababu zile barabara za milimani zina kona kama utumbo wa mbuzi.

Ni pazuri, sikatai. Mimi ni mtu wa Homa Bay, nimekua nachota maji Ziwa Victoria, na sikuwahi hata siku moja kufikiria kwamba mtu anaweza kulipa pesa aje kukaa tu, aangalie ziwa. La Zell am See lenyewe ni dogo, unaweza kulizunguka kwa miguu na ukarudi kabla chakula cha mchana hakijapoa. Lakini maji ni ya kijani, mlima una theluji mwezi wa saba, na hakuna mtu anayefua nguo pale.

Kilichonishangaza zaidi ni jinsi baba alivyokuwa anahesabu. Huyu ni mtu ambaye saa yake ya mkononi ingejenga nyumba tatu kwetu. Lakini alikuwa na bahasha ya risiti ndani ya gari. Kuingia barabara kuu za Uswisi unanunua stika ya faranga 40, zaidi ya riyali 160, hata kama unapita siku tatu tu, kwa sababu wanauza ya mwaka mzima. Austria nao wana ya kwao. Barabara ya mlimani ya Grossglockner, ile iliyofunguliwa mwaka 1935, gari linalipia zaidi ya euro 40 kwa siku moja, na unaenda kuona milima tu. Miji ya Italia ina kamera zinazonasa gari lililoingia mitaa ya zamani bila kibali. Faini inaifuata kampuni ya magari, nayo inaongeza ada yake juu. Uswisi ukikimbiza gari kupita kiasi, faini inaweza kupimwa kwa utajiri wako: mwaka 2010 kuna mtu mwenye Ferrari aliyetozwa karibu faranga 300,000. Baba alikuwa anayajua haya yote kabla hatujatoka Doha. Jioni anakaa mezani, anatoa risiti, anaandika.

Na mimi, wa riyali 1,300 kwa mwezi, sikuandika kitu.

Jumamosi moja madam alinipiga picha kando ya ziwa. Nimevaa jaketi lake la zamani, nyuma kuna mashua na mlima. Nikaiweka kwenye stetasi ya WhatsApp, maneno mawili tu: Mungu ni mwema. Kufikia jioni nilikuwa na ujumbe kumi na saba. Shangazi anasema bati za jikoni zimeoza. Mtoto wa baba mdogo ametuma muundo wa ada ya chuo ambacho sikujua anasoma. Kaka yangu mkubwa, ambaye siwezi kumjibu vibaya, akapiga simu: "Sasa uko Ulaya, si utukumbuke." Nikamwambia, kaka, mimi niko kazini, huku naosha vyombo vya watu wanane usiku. Akacheka. Akasema kila mtu anaosha vyombo, lakini si kila mtu anaoshea Ulaya.

Ndani ya wiki mbili nilituma shilingi 48,000. Zilikuwa pesa za mabati ya nyumba yangu, nilizokusanya miezi saba kwenye laini yangu ya Kenya. Riyali 1,370 hivi. Mshahara wangu haukuongezeka hata riyali moja kwa kuwa Ulaya. Kilichobadilika ni jinsi watu wa nyumbani walivyoniona. Nyumba ile ilikaa bila paa msimu mzima wa mvua, na ukuta wa upande mmoja ulianguka.

Wapo wanaoshauri usionyeshe kitu chochote, ufiche kila picha. Mimi sikubaliani nao. Binti yangu ana miaka tisa, ameniona kwa simu kuliko alivyoniona kwa macho, na ile picha ameibandika kwenye daftari lake. Nimnyime? Tatizo lilikuwa kuitoa kwa watu mia mbili huku pesa ya mabati ikiwa wazi, mahali ambapo kidole changu kinafika. Safari ya pili pesa yote niliilipa kwa duka la vifaa kabla ya kuondoka, nikapewa risiti, na picha ikaenda kwa binti yangu na mama peke yao. Kaka alinuna. Bado ananuna kidogo.

Sasa kuhusu kazi yenyewe, maana hapa ndipo tunapoteza pesa bila kujua.

Safari hiyo si likizo yako. Sheria ya Qatar ya wafanyakazi wa ndani, namba 15 ya mwaka 2017, inakupa wiki tatu za likizo yenye malipo kila mwaka, na likizo ni siku ambazo hufanyi kazi. Nimesikia dada wanaambiwa, "Ulishaenda Uswisi, mwaka huu huendi kwenu." Hapana. Ulienda Uswisi kulea watoto. Sheria hiyo hiyo inasema saa za kazi zisizidi kumi kwa siku, uwe na siku moja ya mapumziko kila wiki, na mshahara ulipwe mwisho wa mwezi au ifikapo tarehe tatu ya mwezi unaofuata. Kwenye nyumba ya kukodi kando ya ziwa hakuna mpishi, hakuna mtunza bustani, hakuna dada wa pili. Kazi ya watu watatu inakuwa yako. Mimi nilikuwa naamka kupika machbus ya safari saa kumi na moja alfajiri, na usiku nafua matope ya watoto.

Kwa hiyo uliza kabla, kwa heshima, mkiwa bado jikoni Doha. "Madam, mshahara wa mwezi wa saba nitaupataje nikiwa huko? Siku yangu ya kupumzika itakuwa ipi?" Ukiuliza mkiwa tayari Interlaken, utajibiwa "tukirudi inshallah", na ada ya muhula wa tatu kwa Kenya haingoji inshallah. Kitu kingine, programu ya kutumia pesa mara nyingi inadai namba ya siri inayokuja kwenye laini yako ya Qatar. Kama laini hiyo haijafunguliwa kutumika nje ya nchi, ujumbe hauingii na pesa haitoki. Mwaka wa kwanza nilikaa siku kumi na moja na mshahara ndani ya simu bila kuweza kuugusa, mtoto amerudishwa nyumbani kwa ada.

Pasipoti. Njiani baba atashika za wote kwa ajili ya mipaka, hiyo ni kawaida, sisi sote tumefanya hivyo. Lakini sheria hapa hairuhusu mwajiri kukunyima pasipoti yako. Piga picha ya pasipoti, visa na kitambulisho cha Qatar, mtumie mtu unayemwamini. Weka kichwani namba 112, ni ya dharura nchi zote hizo nilizotaja. Wakenya tuna ubalozi Vienna na Roma. Watanzania na Waganda wana wa kwao Roma.

Na usidhani mambo mabaya hayatokei kwa sababu maji ni mazuri. Mwezi wa Juni 2024 mahakama ya Geneva iliwahukumu watu wanne wa familia moja tajiri sana vifungo vya kati ya miaka 4 na miaka 4 na nusu, kwa kuwanyonya wafanyakazi wa ndani waliowatoa India na kuwaweka kwenye jumba lao karibu na ziwa. Shtaka la usafirishaji wa watu lilianguka, na wao wakakata rufaa. Lakini yaliyosikika pale ndiyo tunayoyajua sisi: pasipoti kushikwa, mshahara kulipwa kwa pesa ya nyumbani ambayo huwezi hata kununulia mkate Geneva. Wale wafanyakazi hawakuwa na tofauti yoyote na mimi.

Mwishoni mwa safari madam alinipa euro 150 za shukrani. Nikanunua chokoleti na saa za plastiki, euro 110. Zilizobaki, nusu zilikuwa sarafu, na duka la kubadilisha pesa hapa Doha likazikataa. Bado ziko kwenye kopo.

Kaka zangu wa saiti, najua mnasoma huku mnatabasamu, mnasema haya ni ya kina dada. Nyinyi kiangazi mnaruhusiwa kuacha kazi ya juani saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu, mnalala kambini Sanaiya, mnatazama video za dada wakiwa kando ya maziwa mnadhani wanakula maisha. Lakini ziwa lenu nalijua. Linakuja Desemba. Kuna kaka mmoja, fundi chuma, alirudi Kenya baada ya miaka miwili akakodi Prado ya kujiendeshea siku kumi, shilingi 12,000 kwa siku. Alitaka kuipeleka familia Naivasha waone ziwa na viboko. Naivasha walikaa siku moja. Siku tisa zilizobaki gari lilikuwa linapeleka wajomba sokoni. Shilingi 120,000 kabla ya mafuta, yaani zaidi ya riyali 3,300. Kwa mtu anayepata kima cha chini cha riyali 1,000, hiyo ni zaidi ya miezi mitatu ya jua. Nilimuuliza kama anajuta. Akasema hapana, baba yake alikaa kiti cha mbele na kila mtu aliona. Sikuwa na jibu la kumpa, na mpaka leo sijalipata. Lakini mwezi wa pili alikuwa ananikopa nauli ya basi.

Mwaka huu tunaondoka tarehe moja mwezi wa saba. Nimeshaongea na madam. Mshahara utaingia benki kama kawaida, hilo amekubali. Laini yangu ataifungulia, hilo pia amekubali. Siku ya mapumziko amesema atamuuliza baba, na baba bado anahesabu bei ya stika.