Si Kila Chungu Kinastahili Moto

Muulize msanii aliyehamia kwenye ufinyanzi kwa nini kaacha plastiki na rangi za dukani. Atakujibu kwa fahari: udongo ni mali ya asili, umetoka ardhini na utarudi ardhini. Huko ni kujidanganya.

Kinachorudi ni udongo mbichi tu. Moto ukishapita kiasi cha nyuzi 600 za Selsiasi, maji yaliyofungamana na chembe za udongo hutoka moja kwa moja, na kigae hicho hata ukiloweke mwaka mzima hakitakuwa udongo tena. Kule Shanga, kisiwani Pate, vigae vilivyotupwa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita bado vipo, na wanaakiolojia huvitumia kukadiria umri wa mji. Plastiki, kwa ubaya wake wote, haijapata muda wa kushindana navyo. Tena sijataja kuni, gesi au umeme wa tanuri, na vyombo vingi vya studio huchomwa mara mbili.

Kwa hiyo mimi mfinyanzi humpima kwa ndoo yake ya mabaki, wala simsikilizi anavyojinadi. Mabaki yaachwe yakauke kabisa kwanza: udongo mkavu hubomoka wenyewe majini, ilhali wenye unyevunyevu hubaki mabonge. Likishalainika, tope litandazwe juu ya bamba la plasta linyonywe maji, kisha likandwe mpaka hewa yote itoke. Wapo wanaodai udongo wa namna hii ni dhaifu, haufinyangiki. Wengi wao ndio wanaomwaga maji machafu ya gurudumu, na humo ndimo zilimo chembe laini kabisa, zile zinazoupa udongo mnato. Wayarudishe ndooni, waone.

Vyombo vilivyovunjika baada ya kuchomwa vinaweza kutwangwa na kuchanganywa na udongo mpya ili usipasuke motoni. Wafinyanzi wengi wa vijijini barani Afrika wanalijua hilo tangu zamani, bila semina. Lakini udongo hupokea kiasi tu. Hauwezi kumeza makosa yetu yote.

Walimu wa sanaa, acheni kuchoma kila kisahani ili mwanafunzi apate cha kuonyesha nyumbani. Chagueni kazi chache zinazostahili moto. Zilizobaki zirudisheni ndooni zikiwa bado mbichi.