Safari ya Tsavo na fomu inayotaka nambari ya ndege

Nimekuwa kimya hapa kwa majuma matatu, na sababu si uvivu (wala si kazi za wateja, ingawa hizo zipo). Nimekuwa nikipanga safari. Naandika neno hilo nikijua kwamba kwetu safari ni safari tu: kwenda Nakuru kwa matanga ni safari, na kulala ndani ya basi la Busia pia ni safari. Wageni walilichukua neno letu wakalitia simba ndani yake. Apple nao wakalichukua mwaka 2003 wakakipa kivinjari chao. Leo nazungumzia ile safari yenye simba, lakini ikipangwa na mwenyeji.

Mambo yalianza hivi. Mama yangu anaishi chini ya mlima Sagalla, karibu na Voi, kaunti ya Taita Taveta. Ukipanda mlima kidogo siku isiyo na ukungu unaiona Tsavo imelala mbele yako hadi macho yachoke. Mama amewajua ndovu maisha yake yote, ila anawajua kwa masikio zaidi. Ni usiku, mahindi yanavunjika, majirani wanagonga sufuria na madebe, mbwa wanabweka, na asubuhi mnakwenda kuhesabu hasara. Ndani ya mbuga hajawahi kuingia hata siku moja. Mwezi uliopita nilimuuliza angependa nini akitimiza miaka 65. Akacheka, akasema, "Siku moja nataka nimwone ndovu mchana, akila chake, si changu."

Wenzangu mnaoandika programu mnajua kwamba mteja akitoa ombi fupi namna hiyo, kazi ipo.

Nikafanya afanyavyo kila mtu wa kompyuta: nikafungua tovuti za kampuni za safari. Picha nzuri, jua linatua, twiga anavuka. Bei hakuna. Mahali pa bei pana fomu, nawe ujaze uombe bei. Nikachagua kampuni moja (sitaitaja) nikaanza kujaza. Idadi ya watu, sawa. Tarehe, sawa. Nchi: orodha inaanza na Marekani, Uingereza na Ujerumani, na Kenya utaikuta huko chini baada ya Japani. Kisha kukaja kisanduku chenye nyota nyekundu, maana yake huwezi kukiruka: nambari ya ndege unayowasili nayo. Nikaandika SGR. Fomu ikakataa. Nikabuni nambari, ikakubali kwa furaha.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili. Bei kwa dola. Kiingilio cha mgeni kwa kila mmoja wetu. Na usiku wa kwanza katika hoteli ya Nairobi, "ili mpumzike baada ya ndege". Yaani Mama atoke Sagalla, asafiri zaidi ya kilomita 300 hadi Nairobi, apumzishwe kwa uchovu wa ndege ambayo hakupanda, halafu arudishwe kilomita zile zile kwenda kuwaona ndovu wanaoishi ng'ambo ya reli kutoka shambani kwake!

Nilicheka, kisha nikakasirika, kisha nikawaandikia. Walijibu kwa adabu. Bei ya mwananchi ipo, walisema, ila ni lazima uiombe.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Katika kazi yetu, thamani unayoiweka kwenye fomu kabla mtu hajagusa chochote inaonyesha ulimfikiria nani ulipokuwa ukiiandika. Fomu hii ilimfikiria mtu anayeshuka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta na begi lenye magurudumu. Siwalaumu kwa kumfikiria, kwani ndiye anayewalipa. Lakini fomu nilizojaza karibu zote zilikuwa hivyo, na matokeo yake ni kwamba mwenyeji anaamini kwa dhati kuwa mbuga ni ghali, ilhali hajawahi kuonyeshwa bei yake halisi. Nimeongea na majirani hapa mtaani Nairobi, watu wenye kazi na magari, wanaodhani kuingia Tsavo ni dola kwa kila Mkenya. Si dola. Mwananchi analipa kwa shilingi, kwa kuonyesha kitambulisho, na analipa sehemu ndogo sana ya kile anacholipa mgeni.

Basi nikaamua kupanga mwenyewe, na nikagundua kwamba gharama ya safari si siri ya kitaalamu. Ina vipande vya aina mbili. Kuna vinavyohesabiwa kwa kichwa: kiingilio, kitanda, chakula. Na kuna vinavyohesabiwa kwa gari: kukodi, dereva, mafuta, na ada ya gari lenyewe langoni, ambayo hutegemea idadi ya viti. Vya kichwa havipungui mkiwa wengi. Vya gari ndivyo vinavyoumiza. Tuseme gari na dereva ni shilingi 18,000 kwa siku: mkiwa wawili ni 9,000 kila mmoja, mkiwa sita ni 3,000. Kwa hiyo swali la kwanza la kupanga safari si "twende wapi" bali "tuko wangapi". Mimi nilianza na watu wanne. Nikampigia shangazi simu. Sasa tuko sita.

Baada ya hapo nikafanya kosa la watu wa taaluma yetu. Nilisema, kwa nini nisiandike programu? Uchague mbuga, uingize idadi ya watu na uraia wao, ikupe jumla kwa shilingi. Msimbo wenyewe haukunichukua hata Jumamosi moja. Kilichonishinda ni takwimu za kuulisha. Wengi wetu hudhani mbuga zote za Kenya zina mwenye duka mmoja. Hazina. Tsavo Mashariki, Tsavo Magharibi na Mbuga ya Nairobi ziko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Maasai Mara ni hifadhi ya kaunti ya Narok, na upande wake wa magharibi, ule wa Mara Triangle, unaendeshwa na shirika jingine kwa niaba ya kaunti. Samburu ni ya kaunti ya Samburu. Pembeni mwa Mara kuna hifadhi za jamii, ambako Wamaasai wenye ardhi hukodisha mashamba yao kwa kambi za watalii, na kule kiingilio kimefichwa ndani ya bei ya kitanda. Kila mmoja ana orodha yake, kwa mtindo wake, mara nyingi katika faili la PDF lililopigwa picha likiwa limepinda.

Na bei zinabadilika. Mwaka 2024 kaunti ya Narok ilimpandishia mgeni kiingilio cha Mara hadi dola 100 kwa siku kuanzia Januari hadi Juni, na dola 200 kuanzia Julai hadi Desemba, na siku yenyewe ikawa ya saa 12. Ukurasa wa zamani ulioandikwa dola 80 bado unaelea mtandaoni, na mtambo wa kutafuta hauoni tofauti kati ya huo na wa jana. Ninachoomba ni kitu kidogo sana: jedwali la maandishi ya kawaida kwenye tovuti ya kila mbuga, lenye bei ya mwananchi, ya mkazi na ya mgeni, pamoja na tarehe ambayo bei imeanza kutumika. Hakuna haja ya zabuni, wala programu ya simu yenye nembo inayozunguka. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kulitengeneza kabla ya chakula cha mchana. Serikali tayari imetuhamisha tulipe kiingilio cha KWS kupitia eCitizen, na langoni hawapokei pesa taslimu. Kama mtambo unaweza kupokea pesa yangu, basi bei tayari imo ndani yake. Itolewe nje tuione kabla ya kufungua akaunti.

Haya, tarehe. Tovuti zote zinakusukuma Mara kati ya Julai na Oktoba kwa ajili ya nyumbu wanaovuka mto. Ni kweli hapo wapo. Zaidi ya nyumbu milioni moja huzunguka kati ya Serengeti na Mara kila mwaka. Lakini nyumbu hawana ratiba kama ya treni. Wanafuata mvua na majani, na unaweza kukaa siku mbili kando ya mto ukitazama maji. Tena ndio msimu wa bei ya juu na wa magari kupangana kama matatu kule Githurai. Ukiwa mwenyeji, huna likizo moja tu ya maisha yako ya kuja Kenya. Unaweza kwenda Januari au Februari, baada ya mvua za vuli na kabla ya masika kuanza Machi.

Kwa Tsavo, cha kuangalia ni ukame. Wakati wa kiangazi majani ni mafupi na maji ni machache, hivyo wanyama hukusanyika palipo na maji: bwawa la Aruba, lililochimbwa mwaka 1952, au mto Galana. Mvua ikinyesha, Tsavo inakuwa ya kijani na ya kupendeza, na ndovu wanatawanyika katika eneo la zaidi ya kilomita mraba 13,000 (hiyo ni karibu nusu ya Rwanda, na ni Tsavo Mashariki peke yake). Utawatafuta kama ufunguo gizani. Lakini jambo hilo lina upande wake wa uchungu, na Mama ndiye aliyenikumbusha. Kiangazi kikizidi ndovu hufa, na wasiokufa hutoka. Katika ukame wa 2022 Kenya ilipoteza ndovu 205 kati ya Februari na Oktoba. Mwaka huo, alisema, ndovu walikuwa wakija hadi kwenye tangi la maji la nyumba.

Usafiri ulikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, inasimama Voi, ilimradi ukate ile inayosimama katika stesheni za kati badala ya ile inayokimbia moja kwa moja hadi Mombasa. Tiketi unalipa kwa M-Pesa. Njiani reli inapita katikati ya Tsavo, juu ya vivuko vilivyoachwa ili ndovu wapite chini, na watoto wakikaa dirishani wanaweza kuanza kuhesabu kabla ya kulipa kiingilio. Gari tumelikodi Voi kwenyewe kwa dereva anayeijua mbuga. Lango la Voi liko kilomita chache tu kutoka mjini, na hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi.

Kwa wale wanaopenda vifaa: pakueni ramani kwenye simu kabla ya kuondoka, maana mtandao unakatika mara tu mnapoingia ndani. Ila jueni kwamba kwenye njia panda za Tsavo kuna alama za mawe zenye nambari, na nambari hizo zimo kwenye ramani ya karatasi. Hazihitaji betri. Ndege isiyo na rubani iacheni nyumbani, hairuhusiwi bila kibali. Na mkimpiga kifaru picha, zimeni kwanza kipengele cha mahali kwenye kamera ya simu. Faili la picha hubeba ndani yake latitudo na longitudo. Mitandao mingi ya kijamii huifuta habari hiyo, lakini ukituma faili lenyewe kwa barua pepe inakwenda nzima, na mwindaji haramu anajua kulisoma kama mimi na wewe.

Jumapili nilimpigia Mama simu nikamweleza mpango wote, pamoja na kiingilio chake na jinsi nitakavyokilipa. Akanyamaza kidogo.

"Yaani wao wakija kwangu hawalipi, mimi nikienda kwao nalipa?"

Sikuwa na jibu, na bado sina. Ningeweza kumwambia kuhusu sheria ya wanyamapori ya 2013 inayosema aliyeharibiwa mazao alipwe fidia, lakini fomu za fidia anazijua kuliko mimi. Zimo kwenye mkoba wake wa stakabadhi, na zimekaa humo miaka. Ningeweza kumtajia ua wa mizinga ya nyuki, ule unaotundikwa kwenye waya kuzunguka shamba ili ndovu akigusa nyuki watoke, lakini majaribio hayo yamefanywa hapo hapo Sagalla na jirani zake wanauza asali. Nikamwambia tu kwamba pesa ya langoni ndiyo inayowalipa askari wa mbuga. Akasema basi askari nao waje usiku.

Lakini anakuja. Tiketi nimekata, tunaondoka Ijumaa asubuhi na yeye atatungojea stesheni ya Voi. Amesema atabeba mahindi ya kuchemsha ya kutosha watu sita na dereva. Nimemwomba maji asiyatie kwenye chupa za plastiki, kwa sababu zile za kutumia mara moja zimepigwa marufuku mbugani tangu Juni 2020, na mahindi asiyatoe nje ya dirisha.