Nani Amchungaye Mchungaji?



Kuanzia mwaka 1895 hadi 1958 Ngome ya Yesu, iliyo ukingoni mwa Mji wa Kale, ilikuwa gereza la mkoloni. Uhuru ulipokuja mwaka 1963 bendera ilibadilika, lakini desturi moja ikabaki: polisi waliendelea kujichunguza wenyewe. Mwananchi aliyepigwa kituoni alirudi kituo kile kile kuwashtaki waliompiga. Nyani hakimu, ngedere shahidi.

Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, Tume ya Waki ilipendekeza mwaka 2008 kiundwe chombo huru cha raia. Sheria ya 2011 ikaunda IPOA, yenye mamlaka ya kuchunguza vifo na majeraha mabaya yatokanayo na vitendo vya polisi. Kwamba chombo hiki chaweza kuzaa matunda, tumekwisha kuona hapa Pwani. Agosti 2014 msichana wa miaka 14 aliuawa kwa risasi za polisi nyumbani kwao Kinango. Februari 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa iliwatia hatiani askari wawili kwa kuua bila kukusudia.

Lakini sheria bila maadili ni ngoma isiyo na mpigaji. Sisi twashikilia misingi mitatu.

Kwanza, uhuru. Msimamizi wa polisi asiwe mtumishi wa polisi wala wa Ikulu. Wala asiwe mtumishi wetu sisi wanaharakati. Tukimtaka aamue kwa kuogopa kelele zetu, tutakuwa tumembadilishia bwana tu.

Pili, mizani moja. Tarehe 2 Februari 2014 polisi walivamia Msikiti Musa, Majengo. Raia walipoteza maisha, na askari mmoja pia. Mtu mmoja aliyepigwa picha akiwa mikononi mwa polisi hakuonekana tena. Mizani ya haki haiulizi marehemu alikuwa wa dini gani, wala alivaa kanzu au sare. Na askari anayetuhumiwa naye asikilizwe kabla ya kuhukumiwa; tukimnyima haki hiyo, tutaidai kwa uso gani?

Tatu, amana. Shahidi anayefungua kinywa ameyaweka maisha yake rehani. Jina lake likivuja, uchunguzi umekufa, na jirani zake watanyamaza daima.

Ndugu zetu wa makanisani na misikitini, msimamizi hawezi kuona gizani bila taa yetu. Atakayeshuhudia dhuluma aandike tarehe, saa, mahali na namba ya gari, asiongeze wala asipunguze, kisha aipeleke habari hiyo panapostahili. Atakayeogopa kwenda peke yake, tumsindikize. Tusipofanya hivyo, IPOA itabaki jina lililoandikwa kwenye karatasi, na kesi itarudi kwa nyani.